Kukimbia asubuhi Dodoma, kuanzia vumbi la Oktoba hadi tope la Januari

Kati ya Oktoba na mwanzo wa Januari hali ya hewa ya Dodoma hugeuka mara tatu: upepo na vumbi, halafu joto kavu la Novemba, kisha mvua. Ndicho kipindi ambacho wengi waliozoea mchakamchaka wa alfajiri huuacha, na kila mmoja huwa na sababu inayoeleweka. Leo vumbi, kesho joto, keshokutwa tope. Aliyejipangia kilomita tano kwa njia ileile kila siku atashindwa tu, kwa kuwa njia yenyewe haitabaki ileile.

Panga kinyume chake. Siku na saa ya kutoka zisiguswe. Njia na umbali ndivyo vibadilike. Na hesabu dakika, si kilomita. Dakika 30 kwenye lami, dakika 30 kwenye kichanga na dakika 30 za kuruka kamba ukumbini zote zinahesabika kuwa siku moja.

Jua halichomozi saa ileile mwaka mzima

Novemba jua la Dodoma huchomoza mnamo saa 12:10 asubuhi. Februari ni kama saa 12:40, na Julai linakaribia saa 12:50. Mwanga wa kuona unapokanyaga hutangulia jua kwa dakika ishirini hivi. Kwa hiyo ukitoka mlangoni saa 11:50 alfajiri mwezi Novemba unaona vizuri, lakini ukitoka saa hiyohiyo mwezi Februari uko gizani. Watu hujilaumu kuwa wameingiwa uvivu baada ya Krismasi, kumbe jua ndilo limechelewa nusu saa.

Kengele iache ilivyo. Anzia kipande chenye taa za barabarani, na kipande cha udongo kiwe cha kurudia, kukiwa kumepambazuka. Kama mtaa wako hauna taa, tochi ya kichwa inatosha, ila uielekeze hatua tatu au nne mbele, si miguuni. Ukiangaza miguuni unaliona shimo wakati umeshalikanyaga. Vaa pia kizibao chenye mistari inayong'aa kama cha bodaboda. Fulana nyeusi alfajiri ni kujitafutia balaa.

Kutoka mapema kuna faida nyingine. Upepo hutulia zaidi karibu na mapambazuko na kuongezeka kadiri ardhi inavyopata moto, na vumbi nalo hufuata. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo anza kwa kuukabili na urudi ukiwa umeupa mgongo. Ukifanya kinyume utakwenda umelowa jasho, kisha urudi ukipigwa na upepo kifuani wakati umeshachoka.

Sasa angalia anayetoka Kisasa kwenda mashariki, kuelekea Nzuguni na Ihumwa, kwa barabara ya Dar es Salaam. Mkimbiaji hukaa kulia ili magari yaje akiyaona. Kwenda hakuna shida. Kurudi ndiko kwenye hatari: magari yanayokuja mbele yako ni yale yanayokimbilia kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na madereva wake wana jua la asubuhi machoni, chini kabisa kwenye upeo. Wewe unawaona, wao hawakuoni. Jua likishachomoza, toka kabisa kwenye lami urudi kwa njia ya pembeni au ya ndani ya mtaa.

Joto kabla ya mvua

Aliyehamia kutoka Dar hudanganywa na hewa ya hapa. Pwani jasho hutiririka, unajua umelowa. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mvua hewa ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, ikabaki chumvi nyeupe kwenye ukingo wa kapelo. Unarudi na fulana karibu kavu, halafu saa nne ofisini kichwa kinagonga.

Mizani huondoa ubishi. Jipime kabla ya kutoka na baada ya kurudi, ukiwa umevua nguo zenye jasho. Gramu 500 zilizopungua ni kama nusu lita ya maji uliyoyaacha njiani. Kunywa glasi moja kubwa kabla ya kutoka, na ukirudi rudisha kilichopungua taratibu ndani ya saa moja au mbili, si kwa pumzi moja. Mbio za chini ya dakika 45 hazihitaji kubeba chupa. Zikizidi saa nzima na umetoka jasho sana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi isizidi hapo.

Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto jipya, na kosa kubwa la siku hizo ni kung'ang'ania kasi ya Agosti. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, yaani karibu dakika tatu na sekunde tano kwa kila kilomita. Ile ni kazi yake. Wewe unayetakiwa kuwa ofisini saa moja na nusu, dakika saba au nane kwa kilomita zinakutosha, na kipimo ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, kasi ni sawa. Ukibaki na neno mojamoja, punguza. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu, au mwili kusisimka kama wa mtu mwenye baridi ilhali kuna joto, simama, tafuta kivuli, jimwagie maji kichwani na shingoni. Mwenzako akianza kuongea yasiyoeleweka, endelea kumpoza huku mkimpeleka hospitali. Hilo si la kusubiri apumzike.

Kwa vumbi, skafu nyembamba puani husaidia, lakini bora zaidi ni kuhamia mitaa ya lami wiki zile ambazo greda linakwangua barabara za udongo. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiiache nyumbani kwa sababu jana alikuwa mzima.

Mvua ikishaanza

Mvua za msimu kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kufika Aprili. Nyingi hunyesha alasiri na usiku. Kwa hiyo mkimbiaji wa asubuhi anakabiliana zaidi na kile mvua ilichoacha kuliko mvua yenyewe.

Ilichoacha kinategemea udongo. Kichanga chekundu cha sehemu za juu hunywa maji haraka, na asubuhi baada ya mvua ndogo huwa kimeshikana, hakina vumbi, kinabonyea kidogo tu chini ya soli. Hakuna siku nzuri kuliko hizo mwaka mzima, na ajabu ndizo siku watu wanazolala. Udongo mweusi wa mbugani ni kesi nyingine. Hung'ang'ania soli, hatua ishirini tu raba imekuwa tofali, na anayelipa ni kigimbi na kifundo cha mguu.

Kama huujui udongo wa njia yako, chukua konzi moja yenye unyevu, iviringishe kati ya viganja utengeneze kijiti chembamba kama penseli. Kikikatika, ni kichanga. Saa chache baada ya mvua njia inapitika. Kikiviringika vizuri mpaka unaweza kukikunja, huo ni mfinyanzi: nenda kwenye lami, na uipe njia hiyo siku mbili tatu bila mvua kabla ya kuirudia. Dimbwi usilipite katikati hata kama linaonekana la kina kifupi. Shimo la jana limo humo ndani.

Makorongo ndiyo ya kuogopwa. Huweza kuja na maji wakati kwako hakujadondoka tone, kwa sababu imenyesha juu huko maji yanakotoka. Maji ya kasi yanayopita kifundo cha mguu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Ukikuta yanapita, geuka. Kama njia yako inavuka korongo mara mbili, yaani kwenda na kurudi, isiwe njia ya masika kabisa, maana unaweza kuvuka pakiwa pakavu ukakosa pa kurudia.

Kwa radi, hesabu sekunde kuanzia mmweko mpaka ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, ingia ndani ya jengo au gari, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mbuyu si mahali pa kujificha, hata ukiwa mkubwa kiasi gani. Manyunyu bila radi yasikurudishe: vaa kapelo ili maji yasiingie machoni, na jezi ya mpira wa miguu badala ya fulana ya pamba, ambayo ikilowa inakuwa nzito na kuchuna ngozi. Paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja, kwapani na kwenye chuchu kabla ya kuvaa. Ukisahau, utakumbuka wakati wa kuoga.

Mambo mawili madogo ya masika: kumbikumbi hufuata tochi ya kichwa na kukuingia mdomoni, kwa hiyo ishike mkononi mpaka uwapite, na mbu wa malaria bado wanauma alfajiri, basi pasha misuli ndani, si kwa kusimama dakika kumi kwenye majani ya uwanja.

Uamuzi hufanywa usiku

Saa tatu usiku, angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, toka nje utazame mawingu na ardhi, kisha chagua: udongo, lami, au ndani. Tandaza nguo za njia hiyo kwenye kiti. Saa 11:30 alfajiri hakuna mtu anayeamua vizuri. Kitanda kina hoja nyingi kuliko wewe.

Asubuhi ya ndani, ya siku ya radi au mvua kubwa, huenda hivi: dakika 5 za kutembea papo hapo na kuzungusha mikono, dakika 20 za kuruka kamba ukiruka dakika moja na kupumzika moja, kisha kuchuchumaa na kusimama mara 15, raundi tatu. Ghorofani, ruka kwenye mkeka, si kwa sababu ya magoti tu bali ya jirani wa chini.

Anayeanza asijaribu siku saba. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi zinatosha: wiki mbili za kwanza kimbia dakika 1, tembea 2, mara kumi, wiki mbili zinazofuata kimbia 3, tembea 2, mara sita, kisha endelea kupunguza kutembea. Ukikosa siku moja, usiifidie kwa kuunganisha mbili, hapo ndipo mifupa ya muundi huanza kuuma. Ukikosa wiki nzima, rudi na nusu ya dakika ulizokuwa nazo. Ukikosa mwezi, anza upya na kutembea.

Mbwa akikujia, acha kukimbia. Simama, mtazame upande bila kumkodolea macho, rudi nyuma polepole. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni mchubuko tu.

Raba

Raba za mtumba si mbaya, ila mvua ya kwanza huumbua za zamani: gundi imeshakufa na soli inabaki kwenye tope. Kabla ya kulipa, kunja raba. Ijikunje pale vidole vinapoanzia, si katikati. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ukiachia na makunyanzi yakabaki, imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, na ikiwa imelalia upande mmoja iache. Mwisho vuta ncha ya soli kwa kucha. Ikifunguka hata kidogo, punguzo la bei halisaidii.

Zikilowa, suuza tope kwa maji matupu, legeza kamba, toa soli za ndani. Kunja magazeti uyashindilie mpaka vidoleni. Baada ya nusu saa yatakuwa yamelowa. Yabadilishe, na ubadilishe tena kabla ya kulala. Zitundike kivulini penye upepo. Juu ya bati la jua kali au kando ya jiko la mkaa gundi inaachia na soli inakakamaa. Mbigili zichomoe jioni hiyohiyo kwa koleo dogo, maana zikiachwa huzama mpaka zitokee kwenye unyayo. Ikifika alfajiri ndani bado kuna unyevu, vaa jozi ile ya zamani. Ndiyo sababu haikutupwa.