Jinsi ya kukokotoa na kupima tofauti ya mnato kati ya lithiamu-6 na lithiamu-7

Ukitaja isotopu (atomi za elementi ileile zenye masi tofauti) watu wanawaza nyuklia tu, ila hata mnato wa metali iliyoyeyuka unabadilika ukibadilisha isotopu. Hesabu yenyewe ni nyepesi sana, kazi iko kwenye kujua unalinganisha nini na nini, na hapo ndo wengi wanachemka.

Hatua ya 1: chagua metali. Kanuni ya kuanzia: kwa halijoto ileile, mnato unaenda na kipeuo cha pili cha masi ya atomi. Chukua zebaki-198 na zebaki-204, unapata 1.5% tu. Galiamu-69 na 71 ni 1.4%, hiyo inamezwa na makosa ya kipimo. Sasa lithiamu: 7.016 gawanya kwa 6.015, tafuta kipeuo cha pili, unapata 1.08. Asilimia 8, hiyo inapimika.

Mbona kipeuo? Elektroni ni zilezile, kwa hiyo atomi zinavutana na kusukumana vilevile na zinajipanga vilevile, tofauti ni kwamba zile nzito zinajivuta, kila tukio linachukua muda mrefu zaidi kwa kipeuo cha masi. Na mnato ni mkazo mara muda, mkazo haujabadilika, muda umerefuka, basi.

Hatua ya 2: sampuli. Usilinganishe lithiamu-7 safi na lithiamu ya kawaida alafu ushangae huoni kitu!! Ya kawaida tayari ni lithiamu-7 kwa karibu 92%, masi yake ya wastani 6.94, tofauti inayobaki ni nusu asilimia. Lazima upate lithiamu-6 iliyorutubishwa, yaani iliyoongezwa kiwango cha isotopu hiyo.

Hatua ya 3: mzani. Jaza kwa ujazo sawa, sio gramu sawa. Atomi zinachukua nafasi karibu ileile, kwa hiyo gramu 10 za lithiamu-6 zinalingana na gramu 11.66 za lithiamu-7. Ukiweka gramu sawa kimo cha kimiminika kinatofautiana na kipimo chote kinaharibika.

Hatua ya 4: yeyusha. Inayeyuka kwenye 180.5 °C. Tumia gesi ya agoni, nitrojeni hapana kwa sababu lithiamu inaila, na chombo kiwe cha chuma cha pua maana kioo inakishambulia. Chunga sana halijoto: karibu na kuyeyuka mnato unashuka kama 0.3% kwa kila digrii, kwa hiyo ukikosea digrii 10 umeshakula zaidi ya theluthi ya kile unachokitafuta.

Hatua ya 5: mnato upi? Hapa tulia kidogo. Ile 1.08 ni ya mnato wenyewe, wa paskali-sekunde. Ukiugawanya kwa densiti, na densiti ya lithiamu-7 ni kubwa mara 1.166, unapata 0.926, yaani mambo yanageuka, ile nzito sasa ndo inaonekana na mnato mdogo kwa 7%! Kwa hiyo kwenye mrija mwembamba, ukisukuma zote kwa presha sawa ya gesi lithiamu-6 inapita haraka, ukiziacha zishuke kwa uzito wake zenyewe lithiamu-7 inatangulia. Na kama unatumia kikombe kinachozungushwa huku na huku ukisoma kinavyopoteza mwendo, kwa kimiminika chenye mnato mdogo hivi unachosoma kinafuata kipeuo cha mnato mara densiti, tegemea tofauti ya kama 12%, usiiandike kama mnato.

Hatua ya 6: ikikataa kutoa 8 kamili. Kagua halijoto kwanza, kisha ujazo. Zikiwa sawa usilazimishe. Kanuni ya kipeuo ni ya fizikia ya kawaida, na lithiamu ni nyepesi kiasi kwamba halijoto yake ya Debye (ile ambayo chini yake mitetemo ya atomi inafuata kanuni za kwantamu waziwazi, kama 344 K) haiko mbali na ya kuyeyuka (454 K), kwa hiyo athari za kwantamu bado zipo kidogo. Rudia kipimo kwenye halijoto ya juu zaidi, kama ni kwantamu kweli ule mkengeuko utapungua, usipopungua rudi kwenye kifaa chako.