Mlonge na mikroplastiki: namna ya kuendesha jaribio moja katika maabara za nchi mbili

Mbegu za mlonge husafisha maji ya tope kwa sababu protini zake zina chaji chanya, ilhali tope na plastiki nyingi zikiwa majini zina chaji hasi. Zikikutana hushikana, hufanya mabonge, mabonge yakazama. Nchini Brazil watafiti wa UNESP, chuo kikuu cha jimbo la São Paulo, wameijaribu njia hii kwa mikroplastiki, yaani chembe ndogo za plastiki, za aina ya PVC, na kuilinganisha na shabu. Kwa hiyo maabara ya Mwanza ikishirikiana na ya Ujerumani, kazi si kugundua kama mlonge unafaa. Kazi ni kuhakikisha kwamba zikisema zimeondoa "asilimia 80" ya chembe, ya Mwanza na ya Ujerumani zimepatikana kwa njia ileile. Namna iliyoelezwa hapa ni ya bika (vyombo vya glasi vya maabara) za lita 1, maji baridi yasiyo ya chumvi.

Kwanza vibali, maana hivi ndivyo vinavyokula muda. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha utafiti: Tanzania hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya na NACOSTI. Mbegu zikivuka mpaka zinataka cheti cha afya ya mimea, kutoka mamlaka ya afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 msiitume kwa ndege. Kila upande ununue kwake.

Chembe zitengenezwe na maabara moja tu, kisha zigawanywe. Vifuniko vya chupa vya HDPE, aina ya plastiki nyepesi, vinatosha. Vichague vya rangi ya machungwa, kwa sababu nyuzi za nguo zinazoingia kwenye sampuli mara nyingi ni za buluu, nyeusi au hazina rangi. Vigandishe kwa barafu kavu kabla ya kuvisaga. Plastiki yenye joto haisagiki, inanyooka. Chekecha, chukua kilichobaki kati ya chekeche la mikromita 75 na la 45.

Kwa nini HDPE? Jaribio la kutulia likifanywa kwa PVC ya mikromita 100, chembe huzama zenyewe kabla dakika mbili hazijaisha, na mlonge unapewa sifa ya kazi ambayo haukuifanya. HDPE ni nyepesi kuliko maji. Ikionekana chini, kuna kitu kimeishusha.

Tia miligramu 5 za chembe katika lita 1 ya maji yaliyochujwa yenye Tween 20 (aina ya sabuni ya maabara) ya asilimia 0.01, bila hiyo zitaelea juu zikiwa kavu na kunata kwenye glasi. Koroga kwa sumaku muda wote unapochota, kwa pipeti yenye mdomo mpana. Mililita 5 zitakuwa na chembe kama 200. Hesabu michoto mitatu kabla ya kuendelea. Kwa chembe 200, tofauti ya asilimia 7 hivi ni ya bahati tu, hakuna aliyekosea. Ikifika 25, rudia kukoroga.

Sasa dawa yenyewe. Menya mbegu, saga viini, ondoa mafuta kwa ethanoli ya asilimia 95: gramu 10 za unga kwa mililita 100, koroga nusu saa, chuja, anika. Hatua hii watu huiruka kwa kuwa mlonge hufanya kazi hata ukiwa na mafuta yake. Tatizo litakuja kwenye kuhesabu: rangi ya Nile Red hupaka mafuta kama inavyopaka plastiki, na kila tone la mafuta ya mlonge litang'aa chini ya hadubini.

Unga mkavu gramu 10 utie katika lita 1 ya maji yenye chumvi gramu 58.4, koroga dakika 30, kisha pitisha kwenye kichujio cha nyuzi za glasi. Usichuje kwa kitambaa wala kichujio cha chai cha nailoni. Chumvi nayo iyeyushwe na kuchujwa kwanza, hasa ya bahari, ambayo huja na plastiki yake. Dawa hii itumike siku hiyohiyo. Mililita 1 kwa lita ni miligramu 10.

Bika sita, kila moja ikiwa na mchoto wake wa chembe, zipate mililita 0, 2.5, 5, 10, 15 na 20 za dawa. Kila bika ijaziwe maji ya chumvi yaleyale, yasiyo na mlonge, hadi jumla ya nyongeza iwe mililita 20. Chumvi peke yake hushikanisha chembe kidogo, na ndiyo maana bika ya sifuri ni muhimu kuliko zote. Maji yawe na pH 7 na kaolini (udongo mweupe laini) ya kutosha kufikia NTU 50, kipimo cha utope wa maji. Kwenye maji maangavu mno mlonge hauna cha kukamata.

Koroga kwa mizunguko 150 kwa dakika, dakika 2. Punguza hadi 30, dakika 20. Acha itulie dakika 30.

Hapa ndipo maabara nyingi hupotea: huchota maji ya katikati, huona chembe chache, huandika kwamba zimeondolewa. Nyingine zinaelea juu, nyingine zimenata kwenye kuta na kwenye kikorogeo. Vuta maji kwa bomba la glasi ukianzia usoni, uyafuate yanavyoshuka, hadi zibaki mililita 200. Hizo ni matope. Kisha suuza bika na kikorogeo mara tatu, weka suuzo peke yake. Utakuwa na mafungu matatu: maji ya juu, suuzo, matope. Hesabu yote. Jumla isipofika asilimia 80 ya ulizoweka, au ikizidi 120, jaribio hilo limeharibika. Kilichoondolewa na mlonge ni cha matope tu, ukitoa kilichoonekana kwenye matope ya bika ya sifuri.

Matope yatibiwe kwa peroksaidi, nyuzijoto 50, saa 24, halafu yatiwe maji ya chumvi iliyokolea (gramu 360 kwa lita). Kaolini itazama, HDPE itaelea. Kila kundi la sampuli liende na sampuli tupu tatu, zisizotiwa chembe, zilizopitia hatua zote. Makoti yawe ya pamba, bika zifunikwe kwa karatasi ya alumini.

Vichujio vinavyokwenda kupimwa kwa FTIR, mashine inayotambua aina ya plastiki kwa mwanga wa infraredi, visafiri ndani ya sahani za glasi. Na jedwali la matokeo mkubaliane kabla ya kuanza: Mjerumani huandika 1,25 kwa moja na robo, na kompyuta ya Mwanza inaweza kuisoma 125. Tumieni nukta, na tarehe ziandikwe 2025-04-03.

Matope yaliyobaki yasimwagwe shambani. Plastiki yote iliyotoka majini imo humo.