SOMO: Mpira wa mkojo wodini na bili ya pili

Ndugu yako amelazwa kwa mguu uliovunjika, na amewekewa mpira wa mkojo, yaani mrija unaoingia kwenye kibofu kutoa mkojo. Siku mnayojiandaa kutoka, homa na baridi vinampanda: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na ameipata humo humo wodini. Hapo bili inaanza upya: kuotesha mkojo (kipimo cha maabara cha kutafuta bakteria), sindano, siku za kitanda, nauli na chakula cha anayemuuguza. Wadudu wa hospitalini ni sugu. Antibiotiki ya seftriaksoni ikigoma anaandikiwa nyingine, meropenemu, na bei yake mtaijua dirishani.

Takriban robo tatu ya UTI za hospitalini zinahusishwa na mpira wa mkojo, na nyingi zinazuilika. Ndiyo maana Marekani, tangu Oktoba 2008, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, haiilipi hospitali nyongeza kwa UTI ya mpira iliyompata mgonjwa akiwa amelazwa. Kwetu mlipaji huwa ni familia.

Hatua ya 1. Uliza kwa nini amewekewa. Mkojo kuziba, mgonjwa mahututi anayepimwa mkojo kila saa, upasuaji wa aina fulani: hizo ni sababu. Kulowesha shuka peke yake si sababu.

Hatua ya 2. Kila asubuhi raundi ikipita, uliza: "Daktari, mpira bado unahitajika?" Pesa nyingi inaokolewa hapa. Kila siku mpira ukiwa ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo ni kama asilimia 3 hadi 7. Na mpira husahaulika kirahisi: nesi anasubiri daktari aandike, daktari anadhani ulishatolewa. Ila usiuvute mwenyewe! Ndani kuna kiputo kilichojazwa maji, utamchana.

Hatua ya 3. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Angalia hasa anapopelekwa eksirei: anayesukuma machela huulaza mfuko tumboni kwa mgonjwa, na mkojo wa jana unarudi ndani. Umwagwe kabla ya safari.

Hatua ya 4. Kopo la kumwagia mkojo liwe lake peke yake. Lile jagi moja linalozunguka kitanda hadi kitanda likataeni kwa adabu. Nawa mikono kabla na baada, na usichomoe mrija kwenye mfuko. Sehemu za siri zioshwe kwa maji na sabuni. Dettol ya nini?

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada nesi, mkojo wa baba una ukungu na unanuka, ila hana homa. Nimnunulie sipro (antibiotiki)?*
Hapana, kaka. Mpira ukikaa siku kadhaa, bakteria kuonekana kwenye mkojo ni kawaida. Homa, maumivu ya kiuno au kuchanganyikiwa ghafla ndiyo ya kumwambia daktari mara moja. Dawa bila sababu inazalisha usugu.

*Tumeambiwa tununue mpira mpya kila wiki. Ni lazima?*
Haubadilishwi kwa kalenda tu. Unabadilishwa ukiziba, ukivuja, au UTI ikithibitika na mpira umeshakaa zaidi ya wiki mbili.

*Babu hawezi kuamka. Bila mpira tutafanyaje?*
Chupa ya mkojo kitandani inatosha kwa wengi. Kama hazuii mkojo lakini unatoka vizuri, ulizia mpira wa nje unaovalishwa kama kondomu. Shikamoo kwake.