Somo: kuitazama protini ya misuli ikishika kalsiamu, kwa infraredi

Tutatumia parvalbumini, protini ndogo ya takribani kilodaltoni 12 inayopatikana kwa wingi kwenye minofu myeupe ya samaki. Ina vitanzi viwili vya kushikia kalsiamu. Kila kitanzi kina asidi amino 12, na ile ya 12 ni asidi amino iitwayo glutamati. Macho yetu yote yawe hapo. Glutamati huikamata kalsiamu kwa oksijeni zake mbili, kama mtu anavyobeba mtungi kwa mikono miwili. Ikija magnesiamu, ambayo ni ndogo zaidi, huikamata kwa oksijeni moja tu. Infraredi huiona tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Toa kalsiamu yote. Fanyia kazi vyombo vya plastiki, maana glasi huachia kalsiamu. Wengi wetu hutumia EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. EDTA yenyewe ina kaboksileti nne (vikundi vyenye oksijeni mbili, kama kile cha glutamati), nazo hufyonza mionzi eneo lile lile tunalolichunguza. Niliwahi kukaa wiki nzima nikifurahia kilele kizuri, kumbe ni mabaki ya EDTA. Isafishe mpaka iishe, kisha isafishe tena.

Hatua ya 2: Badilisha maji. Maji ya kawaida hufyonza karibu na 1645 kwa sentimita, juu kabisa ya amaidi I, kilele kikubwa cha uti wa protini. Kausha protini kwa kuigandisha, iyeyushe kwenye maji mazito (D2O), rudia mara mbili tatu. Faida yake ni kubwa: amaidi II, kilele cha pili cha uti huo, huhama kutoka 1550 hadi karibu na 1450, na uwanja wa kaboksileti unabaki wazi. Kwenye kipima pH ongeza 0.4 upate pD, yaani pH ya maji mazito.

Hatua ya 3: Weka tone kati ya vidirisha viwili vya floridi ya kalsiamu, unene wa mikromita 50 au pungufu.

Hatua ya 4: Pitisha naitrojeni kavu mpaka mistari ya mvuke itoweke, ndipo upime: protini tupu (isiyo na kalsiamu wala magnesiamu), yenye magnesiamu, yenye kalsiamu. Ondoa spektra ya bafa (kimiminika chenyewe bila protini) kila mara.

Hatua ya 5: Soma. Kaboksileti iliyo huru huonekana karibu na 1565. Kalsiamu ikikamatwa kwa mikono miwili, kilele hutokea karibu na 1550. Kwenye magnesiamu hukikuti.

MASWALI

Swali: Mwalimu, hivyo vidirisha vya floridi ya kalsiamu havitaichafua protini tupu?
Jibu: Vinaweza. Huyeyuka kidogo sana, kama miligramu 16 kwa lita, lakini protini yenye njaa huvuta. Pima mara tu baada ya kuweka tone, rudia baada ya nusu saa, ulinganishe. Ukiwa na kifaa chenye kristali ya almasi, tumia hicho kwa protini tupu.

Swali: Naweza kufanya hivi kwa troponini C, protini nyingine ya misuli inayoshika kalsiamu?
Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Ya misuli ya mifupa ina vitanzi vinne. Viwili vya mwanzo, vyenye mshiko hafifu, ndivyo swichi ya kukaza msuli. Ongeza kalsiamu kidogo kidogo uone vya mwisho vikijaa kwanza. Ya moyo, kitanzi cha kwanza hakishiki.

Swali: Nitajuaje kilele ni cha ile glutamati ya 12, si cha aspatati za jirani, ambazo nazo zina kaboksileti?
Jibu: Tengeneza protini ambayo glutamati hiyo imegeuzwa glutamini kwenye vitanzi vyote viwili, uipime vilevile, na kalsiamu iwe ya kutosha. Kilele cha 1550 kikipotea, umeshapata jibu lako.