Jinsi ninavyonunua deskitopu za mtumba Kariakoo bila kupigwa bei

Kazi yangu ni kufunga kompyuta kwenye steshenari na vimaofisi vidogo huku Temeke, kwa hiyo mwezi haupiti sijaenda mjini kuchukua sipiyu (yale maboksi ya deskitopu) mbili tatu za mtumba. Mwanzoni nilipigwa sana tu. Sasa hivi nnavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: jua namba kabla hujapanda daladala

Ukifika tu utaambiwa "hii i7 bosi wangu, mashine ya kazi". i7 ni jina la prosesa, ubongo wa kompyuta. Sawa, i7 ya lini? Bei haiko kwenye hiyo i7, iko kwenye namba zinazofuata. i7-2600 ni jenereshoni (kizazi) ya pili, ilitoka 2011. i5-4570 ya nne, i3-8100 ya nane, na hiyo i3 wanayoidharau inaikimbiza ile i7 ya 2011 kwenye kazi za kawaida na umeme inakula kidogo zaidi.

Kariri na modeli, maana stika ya prosesa inabandikwa na yeyote. Dell OptiPlex 7010 ile ya zamani ni jenereshoni ya tatu (Dell walikuja kulirudia jina hilohilo 2023, usichanganye), 9020 ya nne, 7040 ya sita, 7060 ya nane. Kwa HP, EliteDesk 800 G1 ni ya nne, G2 ya sita, G4 ya nane.

Kwa nini naikomalia ya nane? Kwa upande wa Intel, Windows 11 rasmi inaanzia hapo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikuwekea 7040 na 7060 kwa bei zinazokaribiana, hiyo ndo silaha yako ya kubishania. Ila kama mteja wako anachapa barua na kutoa fotokopi tu, ya nne yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) inamtosha kabisa, usimuingize gharama.

Hatua ya 2: ivue bei nguo

Hapa ndo pesa zinapopotelea. Usikubali bei ya fulu seti, uliza kila kitu peke yake. Mfano tu wa hesabu, bei halisi utazipata siku hiyohiyo madukani: wamekutajia 450,000 fulu seti, ya jenereshoni ya nne, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8 na SSD GB 256. Nenda duka la jirani uliza monita kama ile, wanasema 90,000. Kibodi na mausi 15,000. SSD 60,000. Toa zote, inabaki 285,000, yaani boksi lenye RAM yake unauziwa hiyo. Sasa ingia duka la tatu uulizie boksi la modeli hiyohiyo na RAM hiyohiyo bila diski, wakikwambia 210,000 ujue kule kwa kwanza kuna 75,000 inaelea hewani, na mara nyingi hiyo ni cha juu cha winga (dalali) aliyekushika mkono tangu kituoni. Winga naye anatafuta ugali, simchukii, ila mimi huwa naingia dukani mwenyewe.

Hatua ya 3: iwashe mbele yako, anzia kwenye BIOS

BIOS ni ile skrini ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijafunguka. Ikiwaka tu, Dell unabonyeza F2, HP F10. Usiridhike na maelezo ya ndani ya Windows, lile jina la prosesa pale linaweza kuchezewa. Kama BIOS inadai paswedi achana nayo, hiyo ilifungwa na kampuni iliyoitumia na kuifungua ni kesi nyingine. Saa ikiwa imerudi miaka kumi nyuma, betri ya CR2032 imekufa, ni kitu cha bei ndogo lakini kitumie kuombea punguzo.

Halafu flashi yangu ina CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski. Kuna siku nimeambiwa "hadi diski hii haijaguswa kaka", nikachomeka, pale kwenye Power On Hours (saa ambazo diski imewaka) pakasoma saa 41,000. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo hiyo diski imezunguka usiku na mchana zaidi ya miaka minne na nusu. Jamaa akacheka, mi pia nikacheka, tukaondoa bei ya diski kwenye hesabu.

Hatua ya 4: ifungue

Refubishi (mtumba iliyokarabatiwa) ya kweli imesafishwa ndani na pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, imebadilishwa. Nyingi zimefutwa kitambaa kwa nje basi. Ng'oa mfuniko, nusa kama kuna harufu ya kuungua, angalia kapasita (vile vikopo vidogo kwenye bodi) kama zimevimba kichwani. Nyuma kwenye pawa saplai za zamani kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu utasikia paa! na moshi. Mimi nimeshausikia huo mlio, sitausahau.

Yale maboksi membamba ni mazuri mezani, ila pawa saplai yake ikifa huwezi kuweka yoyote, lazima utafute ya modeli ile. Kwa steshenari napendelea boksi kubwa.

Hatua ya 5: lipa

Dai risiti ya EFD (ile mashine ya kodi), na namba ya siriali iandikwe. Waranti uliza inahusu nini hasa, "wiki mbili" bila maelezo ni maneno tu.

Ukifika nyumbani ikapiga bipu na haionyeshi kitu, usirudi dukani na hasira. Barabara zetu zinaitingisha RAM mpaka inalegea. Chomoa umeme, itoe, sugua meno yake kwa raba ya penseli, irudishe mpaka isikike ikibana pande zote mbili, washa tena.