Pikapu ya kuvuta tela la ng'ombe Lindi na Mtwara: mizani kwanza, injini baadaye

Ukiingia gereji yoyote Masasi au Lindi mjini ukasema unatafuta pikapu ya kuvuta ng'ombe, swali la kwanza utakaloulizwa ni "injini gani?" Kwa haki yake hilo ni swali la tatu au la nne. Karibu kila pikapu ya dizeli iliyo nzima italing'oa tela lenye madume manne kwenye lami tambarare. Shughuli ni kulisimamisha, kulishusha mteremko wa Newala bila breki kunuka, na kulitoa kwenye mchanga wa Tandahimba bila kuunguza klachi. Yote hayo huamuliwa na uzito.

Pima ng'ombe kabla ya gari

Dume wa kienyeji aliyekomaa huwa na kilo 250 hadi 350. Chotara wa Boran, aina ya ng'ombe wa nyama, hufika 400 au 450 bila taabu, na dume wa Boran safi hupita 500. Mnadani wanachanganyika, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi, hasa kwa ng'ombe aliyetoka kunywa maji.

Kama hakuna mizani, tumia kamba. Izungushe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, uivute iguse ngozi bila kukaba. Usitegemee utepe wa fundi cherehani moja kwa moja: huishia sentimita 150, na dume wa maana anauzidi. Weka alama kwenye kamba, kisha pima kamba chini. Halafu pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kitako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawa kwa 10,840. Dume mwenye mzunguko wa sentimita 155 na urefu wa 130 anatoka kama kilo 288. Awe amesimama sawasawa, kichwa kikiwa usawa wa kawaida. Akiinama kula, vipimo vyote viwili vinapotea.

Sasa ongeza tela. Tela la chuma la ekseli mbili linalotosha ng'ombe wanne huwa na kilo 800 hadi 1,000 likiwa tupu, na lile lililochomelewa mtaani kwa vyuma vya kona vinene huzidi hapo. Wanne wa kilo 300 ni 1,200, tela 900, maji, majani na kamba 50. Jumla 2,150. Wakiwa chotara wa 450 jumla inaruka hadi 2,750, na hapo tunazungumzia gari la aina nyingine kabisa.

Namba nne, na mtego wake

Kila pikapu ina namba nne za kuangalia kwenye kitabu chake na kwenye kibao cha chuma kilicho mlangoni au chini ya boneti: uzito wake mtupu, uzito wa mwisho ikiwa imepakia, uzito wa mwisho wa tela inaloweza kuvuta, na uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja. Wauzaji hutaja ya tatu tu. "Inavuta tani tatu na nusu." Ni kweli, lakini angalia ya nne.

Chukua pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 2,000, inayoruhusiwa 3,000 ikiwa imepakia, na 5,650 pamoja na tela. Ukifunga tela la 3,500, gari lenyewe limebakiwa na 2,150. Toa 2,000 za chuma chake, inabaki 150: dereva, utingo mmoja, na hata begi la spana halina nafasi. Hapo bado hujahesabu uzito ambao tela linauweka kwenye kiungo cha nyuma, ambao nao ni mzigo wa gari. Hiyo 3,500 ni namba ya lami nzuri na matela yenye breki kamili, kule Ulaya. Kwa barabara zetu za vumbi na mchanga tunashauri kipimo kikali zaidi: tela lililojaa lisiwe zito kuliko gari lililopakia. Kwa pikapu nyingi za dabo kebini (zenye viti safu mbili) hiyo ni kama kilo 2,300 hadi 2,500, yaani madume manne wa kienyeji, na basi.

Namba nyingine ya kukariri ni 750. Kwa pikapu nyingi hicho ndicho kikomo cha tela lisilo na breki zake lenyewe. Tela la ng'ombe likiwa tupu tu limeshakipita.

Gari lenyewe

Hilux za zamani zenye injini ya dizeli ya lita 2.5 (D-4D) ni imara na spea zake zinapatikana hadi Nachingwea, lakini uwezo wake wa kuvuta uko chini ya hizi mpya, na kwa zile za mwanzo nguvu ya injini kwenye mlima inaisha mapema. Zinafaa ng'ombe wawili. Hilux ya 2.8 iliyoanza 2015, Isuzu D-Max ya lita 3.0 na Ford Ranger ya 3.2 ndizo zinazokaa vizuri na tela la wanne. Tofauti kubwa kati yao huku kusini si nguvu, ni spea: kabla ya kununua Ranger, uliza kwanza injekta na vifaa vya tabo utavipata wapi bila kuagiza Dar es Salaam.

Land Cruiser ya 79 yenye injini ya 4.2 isiyo na tabo ni mnyama mwingine. Ina nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 285 hivi, wakati Hilux ya 2.8 inapita 400, na kupanda Newala utapandia gia ya pili huku bodaboda wanakupita. Lakini uzito wake, chesisi yake na ekseli zake vinalishika tela badala ya tela kulishika gari. Anayevuta kila wiki, hii ndiyo ya kwanza. Anayevuta mara nne kwa mwaka atajuta kwa jinsi inavyokunywa mafuta.

Singo kebini ni bora kuliko dabo kwa kazi hii kama huna abiria: ni nyepesi, kwa hiyo inabaki na nafasi zaidi ya mzigo. Na usivutiwe na matairi makubwa ya fasheni. Tairi kubwa kuliko la asili linarefusha gia zote. Injini inahangaika, klachi inateleza, na breki zinapata wenzo mrefu zaidi wa kupambana nao. Soma namba ya mzigo ubavuni mwa tairi: 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900.

Hilux hazikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hiyo nyingi za mtumba za miaka hiyo zimetoka kwingine, na baadhi zilikuwa za usukani wa kushoto. Ukikuta usukani umegeuzwa, lala chini uangalie boksi la usukani limefungwa wapi. Likiwa limechomelewa kwenye chesisi kwa mkono, achana nalo.

Ukiwa bado chini, angalia mambo mawili. La kwanza ni chesisi nyuma ya kebini, na pale springi za nyuma zinaposhikiwa. Pikapu iliyovutishwa mzigo mkubwa kuliko uwezo hujikunja hapo. Dalili ya nje ni mwanya kati ya kebini na bodi ambao ni mpana juu au chini. La pili ni kutu. Gari lililoishi Mikindani au Kilwa Masoko limekula chumvi miaka yote. Chukua bisibisi, sukuma kwa nguvu ndani ya chesisi upande wa nyuma. Ikizama, biashara imeisha.

Redieta iwe safi katikati ya mapezi, si usoni tu. Mbegu za nyasi za njia ya Liwale hujaa kati ya redieta na kondensa ya AC, usizione mpaka geji ya joto ipande mlimani.

Kiungo cha nyuma na breki za tela

Kiungo kifungwe kwenye chesisi, pande zote mbili, kwa bolti zilizochapwa 8.8 kichwani, yaani daraja la uimara wake. Kilichochomelewa kwenye bampa ni cha kubebea baiskeli. Mpira wa chuma unaobeba tela uwe na kipenyo cha milimita 50 kama tela ni la Ulaya. Ipo ya Marekani ya inchi mbili, yaani 50.8, na kwa macho inafanana. Kikombe cha tela (kile kinachofunika mpira) cha inchi mbili juu ya mpira wa 50 kinashika, kinafungika, halafu kinaruka kwenye shimo la kwanza kubwa. Pima kwa kaliba.

Tela likifungwa likae sawa na ardhi. Pua, yaani ncha ya mbele ya tela, ikiangalia juu, uzito unakimbilia nyuma na tela linaanza kuyumba.

Uzito wa pua, ule tela linaouweka kwenye kiungo, uwe asilimia 7 hadi 10 ya tela lililojaa: kwa 2,150, ni kilo 150 hadi 215, mradi usizidi kikomo kilichochapwa kwenye kiungo. Kupima si kazi ngumu. Kila ghala la korosho lina mizani ya chini ya kupimia magunia. Omba kwa heshima nje ya msimu, weka tela lililopakia kwenye ardhi sawa, simamisha kipande cha mti kati ya mizani na kikombe, kwa kimo kile kile ambacho pua hukaa ikiwa imefungwa, soma namba. Ikiwa ndogo, sogeza ng'ombe mzito mbele ya ekseli. Ikiwa wapo wawili tu kwenye tela la wanne, wafungiwe mbele kwa mbao. Ukiwaachia nafasi watarudi nyuma kwenye kona ya kwanza.

Breki za kawaida ni zile za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linajisukuma mbele, nondo ya puani inaingia ndani na kuvuta breki za tela. Ukilitikisa kwa mkono, nondo iingie na kurudi taratibu. Ikiingia kwa kishindo, shokapu yake imekufa. Tela litakugonga kila ukikanyaga breki. Ikigoma kuingia, huna breki nyuma, na mara nyingi sababu ni grisi iliyokauka na vumbi. Waya wa usalama, ule unaovuta hendibreki ya tela likichomoka, ufungwe kwenye chesisi, usitupiwe tu juu ya mpira.

Matela ya mtaani yaliyoundwa kwa ekseli ya gari kuukuu mara nyingi hubaki na ngoma za breki zisizounganishwa na chochote. Muulize fundi akuoneshe zikishika, gurudumu likiwa limeinuliwa kwa jeki.

Kupakia

Hapa ndipo magari mengi hutoroka. Hendibreki ya pikapu inashika magurudumu ya nyuma tu. Dume wa kwanza akikanyaga mlango wa nyuma wa tela, nyuma inadidimia, pua inanyanyuka na kuinua tako la pikapu. Magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, hendibreki haina cha kushika, na kama kuna mteremko kidogo msafara unaondoka na mtu katikati. Kwa hiyo: miguu ya nyuma ya tela ishushwe hadi chini, magogo chini ya magurudumu ya gari na ya tela, gia iwe ndani, na dereva akae kwenye usukani. Sakafuni mwaga mchanga au majani. Ng'ombe anayeteleza haachi kuhangaika, na kuhangaika kwake ndiko kunakoyumbisha tela. Kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo kiwe mfukoni kabla hamjaanza kuwasukuma.

Njiani

Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, shusha upepo wa matairi ya gari hadi psi 20 hivi, weka fowili (magurudumu yote manne yavute) gia ya chini, ondoka gia ya pili bila kukatisha mafuta. Pampu ya upepo iwemo garini, kwa sababu ukifika lami lazima urudishe, na fowili uitoe: kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayawezi kupishana mwendo, na difu ndiyo inayolipa. Njia ya Nangurukuru hadi Liwale kati ya Desemba na Aprili iache kabisa. Udongo ukilowa, tela linakuwa nanga.

Kushuka, ingia kwenye gia uliyopandia kabla mteremko haujaanza. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja, achia, zipoe, rudia. Anayeiegemea njia nzima hufika chini pedali ikiwa laini. Kurudi nyuma mlimani fanya kwa gia ya chini. Klachi nyingi huungulia hapo, ndani ya dakika mbili.

Baada ya kilomita 20 za mwanzo simama. Kaza nati za magurudumu, kisha sogeza mkono karibu na hab za tela (vitovu vya magurudumu), moja moja, kabla ya kuzigusa. Zote zikiwa na uvuguvugu unaolingana, endelea. Moja ikiwa ya moto peke yake, ama breki imeshikilia au beringi imekauka: inua gurudumu, lizungushe kwa mkono na usikilize.