Nakala au si nakala? Ninavyoamua nikikagua vituo vya ramani

Ukikagua mapendekezo kwenye Wayfarer, tovuti ambako wachezaji hupendekeza na kukaguliana vituo vya ramani, na ambako zimetoka PokéStop za Pokémon GO na portal za Ingress (yaani vituo vya michezo hiyo ya simu), lazima uamue kama kituo kipya tayari kimo. Wengi wanapima kwa umbali, na hapo ndipo wanapoharibu. Nakala ni kitu kilekile kimeletwa mara ya pili, basi.

Hatua ya 1: Jua kitu chenyewe. Tuseme umeletewa sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square, Dodoma mjini. Kinachokaguliwa ni sanamu, si bustani nzima.

Hatua ya 2: Fungua vituo vya jirani kimoja kimoja, utazame picha. Majina yaache kwanza. Mmoja ataandika "Sanamu ya Baba wa Taifa", mwingine "Mnara wa Nyerere". Mmoja kapiga asubuhi, uso unawaka jua. Mwingine kapiga jioni kwa nyuma, unaona mgongo na anga tu. Tafuta kisichobadilika: umbo la jukwaa, kibao, hata ufa kwenye saruji. Vikilingana ni nakala, hata pini zikiachana mita 50. Pini iliyokosewa husogezwa. Haifunguliwi kituo kipya.

Hatua ya 3: Ujirani usikutishe. Nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale Mungomi wa Kolo kuna miamba yenye namba B1, B2 na B3, na kila mwamba una michoro yake. Hivyo ni vitu vitatu. Ila mtu akileta kibao kinachoeleza B1 wakati B1 yenyewe imo, mimi naandika nakala. Wapo wakaguzi watakaonibishia, na hoja wanazo.

Hatua ya 4: Nafasi kati ya vituo waachie wenye mchezo. Ingress ina sheria yake ya mita 20, Pokémon GO inagawa ramani kwa miraba. Hayo hayakuhusu.

Hatua ya 5: Ukibaki na shaka, weka picha ya setilaiti. Niliwahi kukataa kiwanja cha netiboli cha shule moja huku kwetu kwa kuwa sakafu, rangi na ukuta wa nyuma vilifanana na kituo kilichokuwepo. Baadaye nikavuta setilaiti karibu: viwanja viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha netiboli, kingine cha kikapu. Aliyependekeza alikuwa sahihi, nami nilishabofya.